Nyati-maji: miili njano tisa, ukisuuza unapata kiinitete kimoja. Mengine yanakwenda wapi?

#1 ZiziLaPili (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Juzi tumemsuuza nyati-maji jike wangu (kutoa viinitete kwenye mfuko wa uzazi kwa maji, vipandwe kwa majike wengine), uzao wa tatu, afya njema, maziwa ya kutosha. Alichomwa FSH (homoni ya kukuza mayai mengi kwa mpigo) asubuhi na jioni kwa siku nne, dozi ikishuka kila siku. Siku ya tatu akapigwa prostaglandini, sindano ya kumleta kwenye joto. Akaja joto (joto la nyati mnalijua, amelala anacheua kama hahusiki) na akahimilishwa (akawekewa mbegu kwa mrija) mara mbili.

Siku ya kusuuza mtaalamu akaingiza mkono na kuhesabu miili njano (mabonge yanayobaki kwenye ovari yai likishatoka): kulia mitano, kushoto minne. Tisa! Nikaanza kupanga kichwani nani atabeba kipi. Katheta ikaingia, puto likajazwa, maji ya kusuuzia yakaingia na kutoka safi bila damu, karibu yote tukayapata. Tukakaa kwenye darubini zaidi ya saa nzima. Kiinitete kimoja, na yai moja ambalo halikurutubishwa. Basi.

Wiki moja kabla, mtaalamu huyo huyo kwa vifaa hivyo hivyo alimsuuza ng'ombe wangu mwenye miili njano kumi. Tulipata viinitete saba vizuri na viwili vibovu.

Mwili njano ukiwepo maana yake folikali (kifuko cha yai) ilipasuka na yai likatoka. Sasa yale saba ya nyati yako wapi?

#2 NakaaMlangoni
Naweka kambi hapa. Ngoja wajuzi waje.

#3 MzeeWaMtungi
Pole, ila hujaibiwa. Ndiyo nyati hiyo. Ng'ombe aliyechochewa vizuri anakupa wastani wa viinitete vitano au sita vya kufaa. Nyati-maji ni kimoja au viwili, na wanaotoa sifuri ni wengi tu.

Shida anazaliwa nayo. Mtamba (jike ambaye hajazaa) wa ng'ombe ana akiba ya mayai machanga inayozidi laki moja kwenye ovari zake. Mtamba wa nyati-maji anakadiriwa kuwa na elfu kumi hadi ishirini. Hata ovari yenyewe ukiishika unaona ni ndogo. Huwezi kuchota ndoo kwenye kikombe.

#4 HesabuKwanza
Mzee wa Mtungi nakuheshimu, lakini hujamjibu. Akiba ndogo inaeleza kwa nini folikali ni chache. Mleta mada halalamikii folikali, tisa zimepasuka. Mtu anauliza abiria walioshuka kwenye basi wako wapi, wewe unamjibu basi lilikuwa dogo.

#5 KichwaNgumu
Samahani nimechelewa. Nyati anaingizwa mkono? Yule wa porini mwenye pembe kama kofia? Alimshika nani? 😂

#6 BibiMaabara
KichwaNgumu, ni nyati-maji, wa kufugwa, yule anayependa kulala kwenye tope. Wako wa aina mbili: wa mtoni ana kromosomu 50, wa kinamasi ana 48. Wakizaliana, mtoto anakuwa na 49 na bado anazaa. Huyo wako wa porini, mbogo, ana 52. Ng'ombe ana 60. Kwa hiyo msije mkaanza kuota chotara.

Ila usicheke sana, mbogo naye zamu yake imefika. Mwaka 2016 Afrika Kusini alizaliwa ndama wa mbogo aliyetungwa maabara, akaitwa Pumelelo. Jibu la "alimshika nani" bila shaka linaanzia kwenye dawa ya usingizi.

#7 KichwaNgumu
Nimekaa pembeni, nasoma. Asante bibi.

#8 DaktariWaZamu
Turudi kwenye swali, maana HesabuKwanza amelinyoosha vizuri.

Mwisho wa mrija wa falopio, upande wa ovari, kuna faneli yenye vishada laini. Wakati wa joto faneli hiyo inaikumbatia ovari. Yai likitoka halitoki uchi, limevaa blanketi la seli zinazonata zinazoitwa kumulasi. Vinyweleo vya faneli vinashika blanketi, si yai. Vinashika, vinavuta, yai linaingia mrijani.

Kwa nyati aliyechochewa, vitu viwili vinaharibika hapo. Kwanza, blanketi la yai la nyati linalegea upesi, yai linavuliwa nguo kabla halijapokelewa. Pili, kuna folikali kubwa zinazobaki bila kupasuka, zinaendelea kumwaga estrojeni, na mrija wenye estrojeni ya kupita kiasi haufanyi kazi yake sawasawa. Yai linadondokea tumboni, mwili unalinyonya, kwisha habari.

Kwa hiyo ZiziLaPili, yale saba yalianguka nje ya mlango. Hayajawahi kuingia kwenye mfuko wa uzazi mliousuuza.

#9 SaaSita
Daktari, maelezo matamu, lakini kabla ya kufika tumboni nauliza jambo dogo. Mlisuuza siku ya ngapi?

#10 ZiziLaPili
Siku ya saba kutoka kuhimilishwa. Kama ng'ombe.

#11 SaaSita
Hapo ndipo mlipoteleza. Kiinitete cha nyati kinakimbia. Kinatangulia cha ng'ombe kwa nusu siku hadi siku nzima. Siku ya sita tayari kimeshakuwa blastosisti, yaani kiinitete kilichokua na uwazi wa maji ndani. Siku ya saba vingi vimeshatoboa ganda na kutoka. Kiinitete kilichotoka kwenye ganda kinanata, kinajikunja, kinafanana na uchafu wowote kwenye sahani. Macho yaliyozoea kutafuta duara lenye ukingo unaong'aa yanakipita tu.

Sisi tunasuuza siku ya sita, na hata hapo tunaangalia saa aliyoanza joto, hatuhesabu siku tangu ahimilishwe. Kalenda ya ng'ombe usimpe nyati.

#12 HesabuKwanza
SaaSita, na wewe ukisuuza siku ya sita unapata vingapi kwa miili njano mingapi? Sema ukweli.

#13 SaaSita
Mara ya mwisho vitatu kwa minane.

#14 HesabuKwanza
Haya. Umepata vitatu, umepoteza vitano, na saa ulikuwa nayo mkononi. Saa ni sehemu ya jibu, haijamaliza jibu.

#15 MkonoWaKushoto
Mimi naona wote mnajenga ghorofa juu ya hesabu ambayo haijakaguliwa. Nani kasema ni tisa? Mkono! Mimi nimehimilisha na kusuuza miaka mingi, na nawaambia mkono ndani ya nyati ni shahidi wa kusikia. Ovari ni ndogo, mwili njano wa nyati mara nyingi umezama ndani, haujitokezi juu kama ule wa ng'ombe. Na ovari iliyochochewa inakuwa na mabonge kila upande.

Halafu kuna folikali ambazo hazipasuki kabisa, zinageuka kuwa njano na yai likiwa bado ndani. Kwa mkono ni bonge kama mabonge mengine. Mwili njano wa kweli na folikali iliyogeuka huvitofautishi bila ultrasaundi, na hata kwa ultrasaundi unahitaji kutulia. Inawezekana kabisa kwamba hakuna yai lililopotea, yalitoka matatu tu.

Mleta mada, mlipima kwa ultrasaundi?

#16 ZiziLaPili
Hapana mkuu. Mkono tu. Sasa naanza kuona haya.

#17 DaktariWaZamu
Usione haya. MkonoWaKushoto ana hoja, lakini hata wanaohesabu kwa ultrasaundi wanapata pengo lile lile. Kwa nyati kinachopatikana kwa kawaida hakifiki nusu ya miili njano. Kwa ng'ombe kinavuka nusu bila shida. Wanaohesabu kwa mkono wanawakosea ng'ombe pia, mbona kwao hesabu inakubali?

#18 MkonoWaKushoto
Kwa sababu ovari ya ng'ombe inasomeka. Ndiyo nilichosema. 😀

#19 JuaLaMchana
Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyetaja majira. Nyati-maji anazaliana zaidi siku zinapofupika. Mchana ukiwa mrefu ovari zinalala, joto linafifia, hata mayai yanayopatikana ubora unashuka. Nchi zenye nyati wengi zilizo mbali na ikweta, kama Italia, wanapambana na jambo hili kila mwaka, maana soko linataka maziwa wakati nyati hataki kupata mimba. Kabla ya kulaumu faneli, uliza alichochewa mwezi gani.

#20 BibiMaabara
JuaLaMchana, hilo ni kweli kwa walio mbali na ikweta. Ukisogea karibu na ikweta mchana haubadiliki vya kutosha, na nyati huko, kwa mfano walioko Amazon ya Brazili, wanapata joto mwaka mzima. Kinachowasumbua ni malisho. Na jambo la pili, majira yanaeleza folikali chache na joto dhaifu. Bado hujagusa yai lililotoka na halionekani.

#21 NakaaMlangoni
Abiria wa HesabuKwanza bado hawajaonekana.

#22 DozieMoja
Mimi niliwahi kutumia eCG (homoni ya kuchochea itokayo kwa farasi mwenye mimba) badala ya FSH. Sindano moja tu, nikajiona mjanja, wenzangu wanachoma nane, mimi moja na naenda kulala. Ovari zilivimba kila moja kama ngumi. Nikasema leo ndiyo leo. Tuliposuuza, sifuri. Hata yai bovu hakuna. Na yule jike alichukua muda mrefu sana kurudi kwenye mzunguko.

#23 DaktariWaZamu
DozieMoja, umetoa ushahidi upande wangu bila kujua. FSH inaisha mwilini kwa saa chache, ndiyo maana inachomwa asubuhi na jioni. eCG inakaa siku nyingi. Mayai yameshatoka, yenyewe bado inaamsha folikali mpya, na hizo zinamwaga estrojeni wakati mrija unatakiwa utulie upokee. Ovari kama ngumi haikumbatiwi na faneli yoyote. Hata kwa ng'ombe eCG ina tabia hiyo, kwa nyati ndiyo kabisa.

#24 MzeeWaMtungi
Vijana mnasahau tulikotoka. Ndama wa kwanza wa ng'ombe kwa njia ya kuhawilisha kiinitete (kukihamishia kwa jike mwingine) alizaliwa Cambridge mwaka 1973, na nyati akafuata mwaka 1983 Marekani. Miaka kumi nyuma. Nyati siku zote anakuja na kuchelewa kwake.

#25 BibiMaabara
Mzee, hapo umechanganya kidogo. Wa 1973 ni Frosty, ndama wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa, kazi ya Wilmut na Rowson. Ndama wa kwanza wa kuhawilishwa, bila kugandisha, ni wa 1951, Wisconsin, Marekani. Wa nyati 1983 uko sawa. Kwa hiyo pengo ni zaidi ya miaka thelathini, hoja yako imepata nguvu kuliko ulivyoiandika. Na kama unataka kuanza mwanzo kabisa, Walter Heape alifanya kwa sungura mwaka 1890.

Wilmut huyo ni yule yule wa kondoo Dolly, 1996. Watu wanamkumbuka kwa kondoo, mimi namkumbuka kwa barafu.

#26 MzeeWaMtungi
Nimekubali. Uzee huu, mtungi unavuja.

#27 SindanoNdefu
Mimi nawashangaa. Miaka yote hii mnahangaika yai liliangukia wapi, wakati unaweza kulifuata kabla halijaanguka. Acheni kusuuza nyati. Fyonzeni mayai moja kwa moja kutoka kwenye ovari, mkatungishe maabara.

Kwa wasioijua kazi: jike anasimama kwenye kizuizi, anapigwa ganzi mkiani ili asisukume. Kipimo cha ultrasaundi kinaingizwa ukeni kikiwa na sindano ndefu pembeni. Mkono wa pili uko kwenye njia ya haja kubwa, umeishika ovari na kuileta taratibu mpaka iguse kichwa cha kipimo. Kwenye skrini folikali zinaonekana kama matundu meusi. Unasogeza sindano, tundu jeusi linajikunja na kupotea, na kwenye mrija unaona majimaji ya rangi ya chai nyepesi yanapita kwenda kwenye chupa yenye joto la mwili. Tundu limekwisha, unahamia linalofuata. Hata la milimita mbili au tatu unalichukua.

Hakuna haja ya kumchochea, hakuna joto la kuvizia usiku, na unaweza kurudi hata mara mbili kwa wiki. Hata mwenye mimba changa anafyonzwa. Hata mtamba ambaye hajabalehe. Brazili wamejaza nchi ndama kwa njia hii, na tangu 2016 viinitete vya ng'ombe vinavyotungwa maabara duniani vimewapita vile vya kusuuza.

#28 ZiziLaPili
Hii imenivutia. Kwa nyati unapata mayai mangapi kwa mkao mmoja?

#29 SindanoNdefu
Inategemea jike. Wangu wanatoa manne, sita, siku nzuri tisa.

#30 HesabuKwanza
Na ng'ombe wa Brazili?

#31 SindanoNdefu
Wale Nelore na Gir wenye nundu? Ishirini si ajabu.

#32 MzeeWaMtungi
Kikombe na ndoo. Nilisema #3 mkanicheka.

#33 HesabuKwanza
😂 Hapa mzee umerudi na haki yako. Kwa kufyonza akiba ndiyo inayoamua.

#34 BibiMaabara
Na safari haijaisha kwenye chupa. Mimi ndiye ninayepokea hayo mayai manne ya SindanoNdefu, niwaambie yanavyokuwa.

Yai la nyati ni jeusi kuliko la ng'ombe, limejaa mafuta. Chini ya darubini la ng'ombe linapitisha mwanga kahawia, la nyati unaona kama limepakwa masizi. Mafuta hayo yanalifanya lisipende hewa nyingi ya oksijeni wala baridi. Yanakaa kwenye inkubeta ya nyuzi 38.5 kwa takriban saa 22 hadi 24 yakomae, halafu mbegu, halafu siku sita za kulea kwenye oksijeni asilimia 5, si ile ya hewa ya kawaida.

Kwa ng'ombe, mayai kumi yaliyotungishwa yananipa blastosisti tatu, labda nne. Kwa nyati nikipata mbili nashukuru, mara nyingi ni moja. Sasa chukua mayai manne, mawili yana kumulasi nzuri, mawili yako uchi. Piga hesabu. SindanoNdefu anashinda kwa sababu anarudi tena na tena, si kwa sababu mkao mmoja unatosha.

Uwezekano upo, tena wa muda mrefu. Ndama wa kwanza wa nyati aliyetungwa maabara alizaliwa India mwaka 1990 kwenye taasisi ya utafiti ya Karnal, wakamwita Pratham, yaani wa kwanza.

#35 KichwaNgumu
Swali la mjinga. Kiinitete cha nyati bora ukikiweka kwa nyati wa hovyo, mtoto hachukui damu ya huyo mlezi? Babu yangu alikuwa anasema maziwa hubadilisha tabia.

#36 DaktariWaZamu
Si la mjinga. Urithi hachukui hata chembe, kila kitu kimeshaamuliwa yai na mbegu zilipokutana. Anachopata kwa mlezi ni nafasi, chakula na kinga ya maziwa ya kwanza. Nafasi si jambo dogo: mwaka 1938 Walton na Hammond walichanganya farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland, na ndama wa mama mkubwa walizaliwa wakubwa zaidi kuliko wa mama mdogo, ingawa mchanganyiko wa damu ni ule ule. Kwa hiyo mlezi usiokote tu. Awe na nyonga, awe na mzunguko unaoeleweka, na joto lake lilingane na la mtoaji, tofauti isizidi siku moja.

#37 KichwaNgumu
Farasi mtoto wake anaitwa ndama?

#38 DaktariWaZamu
Wewe! Mtoto wa farasi basi. Umeelewa lakini.

#39 Mkia_Mrefu
Naongeza kisa kwenye swali la mwanzo. Tulikuwa na jike la majaribio, alichochewa, baadaye akavunjika mguu vibaya ikabidi achinjwe siku ya tatu baada ya joto. Siku ya tatu viinitete vinatakiwa viwe bado kwenye mirija ya falopio, havijashuka. Tukasema hii ni nafasi, tukachukua njia nzima ya uzazi mpaka maabara ikiwa ya moto.

Ovari tulizikata kwa wembe moja baada ya nyingine, hapakuwa na kubahatisha kwa mkono. Miili njano sita ya kweli, kila mmoja una kovu lake pale juu yai lilipotokea. Pia folikali tatu kubwa ambazo hazikupasuka. Tukaisuuza mirija yote miwili kutoka pande zote mbili, taratibu, kwa sindano butu. Tulipata mawili. Moja limegawanyika seli nne au zaidi, jingine limebaki kama lilivyo. Tukausuuza mfuko wa uzazi pia kwa tahadhari, hamna kitu.

Sita yametoka, mawili yameingia.

#40 DaktariWaZamu
Sina la kuongeza.

#41 MkonoWaKushoto
Mimi ninalo. Huyo ni mmoja. Na ni mnyama aliyevunjika mguu, ana maumivu, homoni za mfadhaiko ziko juu. Tena folikali tatu hazikupasuka, hilo nililisema #15. Mkinipa kumi wa namna hiyo wenye miguu yote minne nitanyamaza.

#42 SaaSita
Halafu siku ya tatu ya nyati ni kama siku ya tatu na nusu ya ng'ombe. Huenda mengine yalishashuka.

#43 Mkia_Mrefu
Mfuko wa uzazi tuliusuuza ndugu. Soma tena.

#44 SaaSita
Nimesoma. Mliusuuza "kwa tahadhari". Mimi najua tahadhari ya watu walioanza na mirija wakachoka.

#45 NakaaMlangoni
Bora nilivyoweka kambi 😂

#46 JikeLaKijivu
Mnaozungumza mayai mnaonewa wivu na mimi ninayetafuta joto tu. Nyati wangu hapandi mwenzake, hatoi ute wa kuonekana, akionyesha ni usiku wa manane. Kwa uhimilishaji wa kawaida mnafanyaje?

#47 MkonoWaKushoto
Acha kutafuta joto. Mpange: GnRH (homoni ya kuitisha yai litoke) leo, siku ya saba prostaglandini, siku ya tisa GnRH tena, saa kumi na sita baadaye himilisha, joto limeonekana au halijaonekana. Kwa nyati wanaozunguka inafanya kazi vizuri. Kwa waliolala kabisa wakati wa siku ndefu, waongezee projesteroni ya kuweka ukeni kwanza. Au weka dume aliyefungwa mirija ya mbegu, yeye pua yake haidanganywi na giza.

#48 JikeLaKijivu
Asante, nitajaribu.

#49 PesaMbili
Kwani si wamuige tu huyo bora? India walishatengeneza nyati wa kunakili (kloni).

#50 BibiMaabara
Walifanya, Karnal hiyo hiyo. Wa kwanza alizaliwa Februari 2009, akafa baada ya siku chache. Garima akafuata Juni mwaka huo huo. Garima-II wa mwaka 2010 alikua akazaa mwenyewe Januari 2013, mtoto Mahima, kwa uhimilishaji wa kawaida. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kunakili ni kumrudia yule yule, na mimba nyingi za namna hiyo zinatoka njiani. Ukitaka kizazi kinachomzidi mama yake unahitaji yai na mbegu zikutane, na tunarudi pale pale, yai liko wapi.

#51 HesabuKwanza
ZiziLaPili, umenyamaza. Kile kimoja mlikifanyia nini? Mmegandisha?

#52 ZiziLaPili
Nilikuwa nasoma, mmenipa kazi. Hatukugandisha. Mtaalamu alisema kwa mafuta yale na kwa kuwa ni kimoja tu, tukigandisha tunacheza kamari juu ya kamari. Tukakiweka kibichi siku hiyo hiyo kwa mtamba aliyekuwa na mwili njano mzuri kulia, kwenye pembe ya kulia ya mfuko wa uzazi. Na safari hii ulipimwa kwa ultrasaundi, MkonoWaKushoto usianze.

Mpango wangu: miezi miwili apumzike, halafu nimchochee tena yule yule, tuhesabu kwa ultrasaundi, tusuuze siku ya sita. Nikipata pengo dogo nitamwamini SaaSita. Nikipata pengo lile lile nitamwamini Daktari.

#53 MkonoWaKushoto
Ukikuta miili njano mitatu na viinitete viwili utamwamini nani? 😀

#54 HesabuKwanza
Na umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, siku na kipimo. Matokeo yakibadilika hutajua ni kwa sababu ya kipi. Badilisha kimoja.

#55 SindanoNdefu
Au mlete kwangu tumfyonze.

#56 ZiziLaPili
Nimerudi wakuu, siku 25 tangu kiwekwe. Tumepima leo. Kuna mfuko wa maji meusi pembe ya kulia, ndani yake kitu kama punje ya mpunga, na katikati ya punje kitu kinapepesa haraka haraka. Moyo unapiga. Nilikitazama mpaka mtaalamu akaniambia mkono wake umekufa ganzi.

Yale saba bado sijayaona.

#57 KichwaNgumu
Hongera! Sasa tunahesabu miezi tisa?

#58 SaaSita
Tisa ni ya ng'ombe, siku 280 na kidogo. Huyu wa mtoni weka 310, na anza kuhesabu kutoka siku mama yake mzazi alipohimilishwa, si siku mtamba alipowekewa. Mmeshakosea kalenda mara moja kwenye uzi huu.